Unaenda Masters UK Septemba? Soma Hizi Sheria Kabla Zikusome Wewe

Wacha niungame kwanza. Mimi sina digrii. Niliacha kampo mwaka wa pili fee ikiwa imenilemea, na hadi leo majirani wakimuuliza mathee kijana wake anafanya nini, yeye husema tu "yuko kwa kompyuta." Lakini kabla nianze kuwaandikia nyinyi hizi stori hapa, nilikaa karibu miaka mitatu kwa keja ya chumba kimoja huko Roysambu nikiwaandikia wasee asaimenti za ng'ambo. Unajua hiyo job. Akaunti ni ya mtu mwingine, dola ni kadhaa kwa kila ukurasa, na dedilaini inakupata alfajiri ukikunywa chai ya tatu. Nyingi ya hizo kazi zilikuwa za Masters za Uingereza. Kwa hivyo bila kujipiga kifua, nimesoma vitabu vya sheria za Masters kuliko wasee wengi wenye wamevaa hiyo gauni.

Na sai ni ule msimu. Kwa kila familia kuna msee amepata barua. Grupu ya WhatsApp imefunguliwa, anko ni mweka hazina, kuna ploti inauzwa mahali. Karo peke yake mara nyingi inapita milioni mbili za Kenya, kabla hujahesabu viza, tiketi na nyumba. Watu wanauliza jaketi inanunuliwa wapi na job za kuangalia wazee zinapatikana aje. Sijawahi ona mtu kwa hizo grupu akiuliza: je, nikifeli somo moja inakuwaje?

Basi hebu tuongee.

Krediti 180

Masters ya kule ya kusomeshwa darasani, si ile ya utafiti mtupu, huwa ni krediti 180. Kila krediti moja inahesabiwa kama masaa 10 ya kazi, kwa hivyo jumla ni masaa 1,800 ndani ya mwaka mmoja. Hayo si masaa ya kukaa kwa lekcha. Darasani unaweza kuwa masaa 8 au 10 kwa wiki, na hapo ndipo wasee wetu huanguka mtego, ati "huku kusoma ni rahisi, tuko fri siku tatu." Haukuwa fri. Hayo masaa mengine ni yako na maktaba.

Kawaida 120 zinatoka kwa masomo, wenyewe wanayaita moduli, na 60 zinatoka kwa tasnifu, ile kazi ndefu ya mwisho. Moduli nyingi ni za krediti 15, 20 au 30. Jua zako ni ngapi, juu kila kitu nitakachokuambia hapa chini kinahesabiwa kwa krediti. Hakihesabiwi kwa idadi ya masomo.

Hamsini si arobaini

Kama ulifanya digrii ya kwanza Kenya, umezoea kwamba ukipata 40 umevuka. Kwa Masters ya UK kuvuka ni 50. Ukifika 60 inaitwa Merit, 70 kuenda juu ni Distinction. Na usishtuke ukipata 58 kwa asaimenti ya kwanza halafu ukajiona mjinga. Kule 70 ni alama ya heshima kubwa, 80 unaipigia simu nyumbani. Niliwahi kuwa na mteja alinitukana vibaya sana kwa sababu nilimletea 64. Alitaka 90. Maze, 90 ya nini? Hata lekchara wake hangeipata.

Sasa, ukipata chini ya 50 kuna mambo mawili yanaweza kufanyika.

La kwanza ni kufidiwa. Vyuo vingi vinakubali kwamba kama umekaribia, tuseme umepata kati ya 40 na 49, na masomo mengine umeyapita vizuri, bodi ya mitihani inaweza kukupea hizo krediti hivyo hivyo. Alama inabaki ile ile 43 kwa karatasi yako, lakini krediti unazo. Hii huduma ina mpaka. Kila chuo kina idadi yake ya krediti zenye wanaweza kukusamehe, na kuna masomo ya lazima yenye hayasamehewi kabisa. Tasnifu mara nyingi iko kwa hiyo orodha.

La pili ni kurudia, yaani sapu. Hapa kuna vitu viwili watu hawajui. Moja, mara nyingi unapewa nafasi moja tu. Sio kama huku unaweza kubeba sapu kutoka mwaka wa kwanza hadi wa nne kama begi. Mbili, ukirudia, alama inafungiwa kwa 50. Hata uandike kitu cha kushinda lekchara mwenyewe, kwa karatasi itasoma 50. Ukiwa na sapu mbili tatu, ile Distinction ulikuwa umeahidi familia, isahau.

Na ukifeli hiyo nafasi ya mwisho? Hautolewi mikono mitupu lakini pia haupati ulichoendea. Ukiwa na krediti 120 unapewa Diploma ya uzamili. Ukiwa na 60 unapewa Cheti. Hizo ni karatasi halali, hakuna ubaya. Shida ni huku nyumbani, wenye walichanga wanangoja picha ya Masters. Shida kubwa zaidi ni viza. Ile viza ya kubaki kule baada ya kusoma, yenye kila mtu anaipigia hesabu, inataka uwe umemaliza digrii uliyoendea. Diploma ya kutokea mlangoni haifungui huo mlango. Tena hata hiyo viza yenyewe inapunguzwa: wenye wataomba kuanzia Januari 1, 2027 watapata miezi 18 badala ya miaka 2. Kama unaanza Septemba 2026, wewe uko kwa hiyo miezi 18, kwa hivyo usipige hesabu na stori ya binamu yako wa 2022. Na kama ulikuwa umepanga kwenda na bibi na watoto, hiyo ilifungwa kwa wanafunzi wa Masters za kusomeshwa tangu Januari 2024.

Fomu ya bure yenye hakuna mtu alimwambia

Hii sehemu ndiyo ilinifanya niandike yote hii, kwa hivyo nivumilie.

Kuna jamaa nilimwandikia asaimenti mwaka moja, mwezi wa kwanza. Sikumjua jina kamili, hatukuwa tunajuana hivyo, lakini kwa chati aliandika Kiswahili katikati ya Kizungu, nikajua huyu ni wetu. Aliniambia mzae wake amefariki Krismasi, hakuweza kurudi kuzika juu ya pesa, na sasa hawezi kuandika hata sentensi moja. Anakaa tu akiangalia ukuta. Dedilaini ilikuwa siku nne mbele. Akanilipa, nikaandika, nikalala.

Miezi baadaye nikiwa nasoma sheria za chuo kingine, kazi ya mteja tofauti kabisa, nikapata ukurasa kuhusu hali ngumu zisizotarajiwa. Kila chuo kinaiita jina lake lakini maana ni moja. Ukipatwa na kifo kwa familia, ugonjwa, ajali au kitu kama hicho, unajaza fomu, unaweka ushahidi, na unaongezewa siku, au unaruhusiwa kufanya hiyo kazi baadaye kama vile ni mara ya kwanza, bila kufungiwa 50. Haulipishwi hata shilingi. Yule jamaa alikuwa na haki ya hii kitu. Alinilipa mimi kumwibia nafasi yake mwenyewe. Sijawahi sahau.

Kwa hivyo ushike hii. Hiyo fomu ina muda wake. Kawaida unaiwasilisha kabla ya dedilaini ama siku chache tu baadaye. Ushahidi unatakiwa: kibali cha mazishi, cheti cha kifo, barua ya hospitali. Kama msiba uko Kenya, mwambie mtu wa nyumbani akupigie picha hizo karatasi siku hiyo hiyo, usingoje matanga yaishe. Na usione haya. Sisi tumelelewa kwamba mwanaume anameza, mwanamke anavumilia, na ukiwa ng'ambo hautaki wazungu wakuone mnyonge. Lakini ukinyamaza, ukafeli, halafu miezi mitatu baadaye ukasema "nilikuwa nimefiwa", swali la kwanza ni: mbona hukusema wakati huo? Vyuo vingine vina sheria wazi kwamba ukishaingia kwa mtihani, umejitangaza mwenyewe kwamba uko sawa.

Na dedilaini zenyewe ni za kukata. Kuna vyuo vinatoa alama 5 kwa kila siku umechelewa, na baada ya siku kadhaa unapata sufuri. Dakika moja inaweza hesabiwa kama siku. Nyingi ni saa sita mchana, saa zao. Kama umerudi Kenya kidogo na unatumia laptopu ya huku, kumbuka kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi tofauti ni masaa matatu, halafu inakuwa mawili. Sisi waandishi tulikuwa na hiyo imechorwa kwa ukuta.

Kuhusu watu kama mimi wa zamani

Sasa tuongee ukweli. Kenya tunajulikana duniani kwa hii biashara. Filamu ya The Shadow Scholars ya 2024 ilimfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwenye alizaliwa huku Kenya, akija kuwatafuta waandishi wa hizi kazi. Huko Uingereza bunge lilipitisha sheria mwaka wa 2022 iliyofanya kuwa kosa kuuza ama kutangaza hizi huduma England. Sheria hiyo inamwandama muuzaji. Mwanafunzi anaandamwa na chuo, na chuo kinaweza kukufukuza.

Na watakujulia wapi? Si lazima programu ikushike. Mara nyingi ni lekchara tu anaona kwamba asaimenti ya Novemba na ya Februari zimeandikwa na watu wawili. Unaitwa kwa mahojiano. Unaulizwa: hapa ulimaanisha nini, hiki kitabu ulikipata wapi. Nina mteja aliwahi kunitumia meseji usiku akitaka nimweleze "asaimenti yake" kwa sababu anaitwa kesho asubuhi. Nilimweleza nilichoweza. Hakurudi tena kwa chati, na sijui kama ni kwa sababu alipona ama kwa sababu alizama. Kitu kingine: zile tovuti zina jina lako, imeli yako na risiti. Kuna wanafunzi wamegeukwa baadaye, wanaambiwa walipe tena la sivyo chuo kijulishwe.

Lakini hata ukiwa mtu safi kabisa unaweza kuingia kwa hii kesi. Kunakili maneno ya kitabu bila kusema yametoka wapi, hiyo inajulikana. Kutumia tena asaimenti yako mwenyewe ya digrii ya kwanza pia ni kosa, hata kama ni jasho lako. Kumtumia rafiki kazi yako "aone tu venye inafanywa", akainakili, nyote wawili mnaitwa. Hii ya mwisho inawamaliza Wakenya juu sisi ni watu wa kusaidiana. Grupu la WhatsApp la darasa linaweza kuwa ushahidi.

Ile asilimia ya Turnitin nayo isikutoe jasho bure. Inaonyesha tu maneno yanayofanana na ya kwingine. Unaweza kuwa na 25 na uko sawa kwa sababu ni nukuu na orodha ya vitabu, na mwingine akawa na 6 na ameiba aya nzima. Binadamu ndiye anaamua. Kuhusu AI, kila somo lina ruhusa yake. Kuna yenye inakubaliwa kukusaidia kupanga mawazo, kuna yenye hairuhusiwi hata kidogo. Weka rasimu zako zote, zile za mwanzo mbaya mbaya, usifute. Siku ukishukiwa kwa makosa, hizo ndizo wakili wako.

Likizo yenye si likizo

Hapa ndipo dem mmoja wa mtaa wetu aliungua. Viza ya mwanafunzi wa digrii kawaida inakuruhusu kufanya job masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Likizo unaweza fanya masaa yote. Sasa madarasa yanaisha mwezi wa tano, wale wa digrii ya kwanza wanafunga, kampo inabaki tupu, na wewe unawaona wakichapa shifti za masaa 40. Unasema hata mimi.

Hapana. Kwa mtu wa Masters, hiyo miezi ya Juni hadi Septemba ni ya tasnifu, na tasnifu ni sehemu ya masomo. Kwa hivyo bado uko kwa masaa 20 hadi siku rasmi ya kozi kuisha, isipokuwa chuo chenyewe kimeandika tarehe fulani ni likizo. Na ni 20 kwa kila wiki, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Huwezi kufanya 10 wiki hii na 30 ijayo ukasema ni wastani. Ukipita, umevunja masharti ya viza, na rekodi za mshahara zinaonyesha kila kitu. Huyo dem hakufukuzwa, lakini mwajiri aliyefuata alipoangalia karatasi zake alikataa kumchukua, na wakili aliyemwendea alimlipisha pesa zenye angezipata kwa hizo shifti zote.

Na kuhudhuria darasa kunahesabiwa. Chuo ndicho kimekudhamini kwa serikali yao. Ukipotea, ama ukisimamishwa, ama ukiacha mwenyewe, wanapaswa kuripoti ndani ya siku 10 za kazi, na baada ya hapo viza inakatwa, mara nyingi unabaki na siku 60 za kufunga mizigo. Mimi niliacha kampo na kitu kilichobadilika ni kwamba nililala hadi saa nne. Wewe ukiacha kule, unaacha pia haki ya kukaa.

Ukiona umeonewa

Unaweza kukata rufaa, lakini si kwa sababu unahisi ulistahili 65 na umepewa 57. Uamuzi wa kitaaluma wa msahihishaji hauguswi. Unachoweza kupinga ni njia iliyotumika: alama zimejumlishwa vibaya, ushahidi wako haukusomwa, sheria zao wenyewe hawakuzifuata. Muda ni mfupi, vyuo vingi ni wiki mbili tatu kutoka matokeo yatoke, na siku unayopoteza ukilia kwa simu na mathee inahesabiwa.

Ukimaliza ngazi zote za chuo na bado hauridhiki, waulize wakupe barua ya kuonyesha mchakato wa ndani umeisha. Ukiwa na hiyo, na kama chuo kiko England ama Wales, una miezi 12 ya kupeleka kesi kwa ofisi huru inayoitwa OIA. Hailipishwi. Scotland na Northern Ireland wana ofisi zao tofauti. Na usijaze hizo fomu peke yako. Chama cha wanafunzi huwa na washauri, kazi yao ni hiyo tu, na hawaripoti kwa usimamizi wa chuo. Wasee wetu wengi hudhani chama cha wanafunzi ni cha kupanga sherehe na kupigia watu kura kama huku.

Utazipata wapi hizi sheria? Ziko wazi kwa tovuti ya chuo, mtu yeyote anaweza kuzisoma, ndivyo hata mimi nilizisoma nikiwa Roysambu bila kuwa mwanafunzi wa mahali popote. Tafuta za mwaka wako wa kuingia, kwa sababu mara nyingi zenye zinakufunga ni hizo, si zile za mwaka jana. Halafu tafuta kijitabu cha kozi yako, huko ndiko wanaandika moduli gani haisamehewi na tasnifu ni maneno mangapi. Vikigongana, andikia ofisi ya kozi imeli na uhifadhi jibu lao.

Ndege ya Nairobi hadi London ni karibu masaa tisa. Pakua hizo karatasi zote mbili kabla upande, juu huko angani bando yako haifiki.